Kupanga Masaji ya Chumbani Ukiwa Hotelini Nairobi: Mwongozo Kamili

Wageni wengi wanaolala katika hoteli za Nairobi hukosa masaji ya chumbani kwa sababu huanzia mwisho. Hutafuta mkandaji kwanza, humtumia pesa za kushika nafasi, halafu ndipo huambiwa na hoteli kwamba mtu wa nje haruhusiwi kupanda vyumbani, au hugundua kwamba waliyemlipa hayupo tena hewani. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: mwili kwanza, hoteli pili, mkandaji tatu, na pesa baada ya kazi.

Masaji inayozungumziwa hapa ni ile ya kulegeza misuli na kuondoa uchovu, inayofanywa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupiga simu yoyote

- Muda huru usiopungua saa mbili, hata kama masaji yenyewe ni ya dakika 60. Muda uliobaki ni wa kupanga meza, kuzungumza, kuoga na kupumzika.
- Nafasi ya sakafu. Meza ya kukunja ya masaji huwa na urefu wa karibu sentimita 185 na upana wa karibu 70, na mkandaji anahitaji hatua moja kamili kila upande ili aweze kuzunguka.
- Taulo kubwa tatu au nne za ziada, pamoja na shuka moja kuukuu kutoka kwa idara ya usafi wa vyumba.
- Hita, ikiwa uko Nairobi kati ya Juni na Agosti.
- Simu yenye M-Pesa, au shilingi taslimu zilizohesabiwa na kutengwa mapema.
- Orodha fupi ya maradhi uliyo nayo, dawa unazotumia na vitu vinavyokudhuru ngozi.
- Sefu ya chumbani inayofungika. Ijaribu kabla ya kuitegemea.

## Hatua ya 1: Hakikisha mwili wako unafaa kukandwa leo

Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi ikirukwa.

Ikiwa umetoka kwenye safari ndefu ya ndege, kwa mfano ile ya moja kwa moja kati ya New York na Nairobi inayochukua takriban saa 14 au 15, yakague mashavu ya miguu yako, yaani sehemu ya nyuma chini ya goti, kabla ya kuagiza chochote. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, umebadilika rangi au unauma unapoubonyeza, usikubali mtu yeyote aukande. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata pia shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura, na hoteli iombwe kukupeleka bila kusubiri.

Homa nayo ni sababu ya kuahirisha. Aliyetoka Pwani, Kisumu au Busia siku chache zilizopita, na sasa anahisi viungo vyote vinamuuma pamoja na baridi ya ghafla, asidhani ni uchovu wa barabara. Huenda ni malaria, ambayo dawa yake hutanguliwa na kipimo cha damu. Mafuta ya mkandaji hayaitibu.

Ahirisha pia ikiwa una jeraha bichi, mfupa ulioteguka karibuni, upele unaoambukiza, au umekunywa pombe. Wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, walio katika matibabu ya saratani na wajawazito wazungumze kwanza na daktari wao, na wamwambie mkandaji hali yao wakati wa kuagiza badala ya kungoja hadi wawe wamelala mezani.

Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi yanahitaji fiziotherapisti, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Nchini Kenya fiziotherapia ni taaluma yenye baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mkandaji wa spa, hata awe hodari namna gani, hana mafunzo hayo.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kueleza kwa sentensi mbili unachotaka kutibiwa na unachotaka kisiguswe.

## Hatua ya 2: Uliza kanuni za hoteli kabla ya kumtafuta mkandaji

Shuka mapokezi au piga simu ukiwa chumbani, kisha uulize maswali haya manne kwa utaratibu huu. Je, hoteli ina spa yake, na wakandaji wake huja vyumbani? Ikiwa haina, je, kuna kampuni ambayo hoteli imezoea kufanya kazi nayo? Ikiwa hakuna, je, mgeni anaruhusiwa kumleta mkandaji wake, na hadi saa ngapi? Na mwisho, je, kuna ada ya mgeni wa ziada chumbani?

Maneno yenyewe si magumu: "Habari ya mchana, dada. Ningependa kupata masaji chumbani leo jioni, na sitaki kuvunja utaratibu wenu. Naomba unieleze hoteli inaruhusu nini." Ukilisema jambo hili wazi, mhudumu naye hulichukua kama huduma nyingine yoyote. Ukiliuliza kwa kunong'ona, atadhani unaficha kitu, na jibu la haraka litakuwa hapana.

Hoteli nyingi za jijini hukagua mizigo langoni na kuandikisha wageni wa wageni, na tangu mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na ya Riverside mwaka 2019 ukaguzi huo haufanyiwi mzaha. Mkandaji anayefika na mfuko mrefu wenye meza ya kukunja atasimamishwa. Akiwa hakuandikwa popote, atakaa langoni nusu saa huku muda wako ukiyoyoma, au atarudishwa.

Kati ya njia tatu hizi, ninapendekeza spa ya hoteli kwa anayefika Nairobi mara ya kwanza, hata kama bei yake ni ya juu. Unalipia pia uwajibikaji: mkandaji anajulikana, malipo yanaingia kwenye bili ya chumba, na ukiwa na malalamiko yupo meneja wa kumwambia. Kampuni inayotambuliwa na hoteli ndiyo chaguo la pili. Mkandaji wa kujitafutia anafaa ikiwa amependekezwa na mtu unayemwamini aliyewahi kukandwa naye.

Walio kwenye fleti za kukodi Kilimani au Westlands wamuulize mwenye fleti maswali haya haya, kwa sababu walinzi wa lango hufuata maagizo yake, si yako.

Onyo: usichukue nambari ya mkandaji kutoka kwa mfanyakazi anayekupa kisirisiri kwenye lifti au kwenye maegesho. Hapo umetoka nje ya ulinzi wa hoteli, na kukitokea jambo hakuna atakayekiri kwamba alikuelekeza.

Dalili kwamba umefaulu: una jina la mfanyakazi wa mapokezi aliyekujibu, na saa ya mwisho ya wageni kuruhusiwa vyumbani.

## Hatua ya 3: Mhoji mkandaji kwa simu

Ikiwa spa ya hoteli ndiyo inayokuhudumia, unachohitaji ni kutaja aina ya masaji, muda na jinsia ya mkandaji unayemtaka, kisha uende Hatua ya 4. Wengine waendelee.

Piga simu, usiridhike na ujumbe peke yake. Uliza alisomea wapi, amefanya kazi katika spa gani, na kama spa hiyo ina leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi ikiwa anasema anatoka kwenye spa. Mtu wa kazi hujibu bila kusita, na yeye pia atakuuliza: una maumivu wapi, una shinikizo la damu, una mzio wa mafuta gani? Asiyekuuliza hata swali moja kuhusu afya yako hajui kazi, au kazi yake ni nyingine.

Taja aina ya masaji kwa jina. Masaji ya Kiswidi ni ya kupitisha mikono mwilini kwa mwendo mrefu na laini, na inafaa uchovu wa safari. Ya kina hubonyeza misuli iliyokaza, na huweza kuacha maumivu ya siku moja au mbili. Ya Kithai hufanywa sakafuni juu ya godoro jembamba, mkandwaji akiwa amevaa nguo pana, kwa hiyo haihitaji mafuta wala meza. Ya mawe ya moto inahitaji chombo cha umeme cha kuchemshia na hoteli nyingine hukikataza chumbani. Singo la Pwani, yaani mchanganyiko wa kusugulia ngozi wenye liwa na maua, liache kwa siku utakayokwenda spa yenyewe, kwa kuwa linachafua shuka na kuziba mifereji ya bafu.

Kuhusu jinsia, sema unavyopendelea bila aibu. Ni haki yako kuchagua, na mkandaji naye ana haki ya kukataa kazi asiyoiona salama.

Matangazo yenye picha za watu waliovaa nusu, yanayoahidi "furaha kamili" au bei ya chini isiyoeleweka, yaache. Baadhi ni ukahaba uliopewa jina la masaji, na baadhi ni mitego: mgeni hupigwa picha na kutishiwa, au huwekewa "mchele", yaani dawa ya kulevya, kwenye kinywaji na kuamka bila simu wala kadi za benki.

Mkikubaliana, andika ujumbe mmoja wenye kila kitu. Kwa mfano:

"Tumekubaliana: masaji ya Kiswidi, dakika 90, Alhamisi saa 8 mchana (14:00), kwenye meza utakayoleta wewe. Nina mzio wa mafuta ya lozi. Goti la kushoto lisikandwe. Bei ni ile tuliyotaja, pamoja na usafiri. Nitakulipa baada ya kazi. Ukifika, jiandikishe mapokezi, nami nitashuka kukupokea."

Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa makusudi. Nairobi kuna wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wanaohesabu kwa Kiingereza ndani ya sentensi moja, na tofauti ya saa sita imeharibu miadi mingi. Nambari ya chumba haimo kwenye ujumbe, na isiwemo.

Dalili kwamba umefaulu: amejibu ujumbe huo kwa kukubali yote, au amesahihisha jambo na mkakubaliana upya.

## Hatua ya 4: Maliza habari ya pesa mapema

Uliza bei kamili. Bei ya spa ya hoteli ielezwe kama inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16, na kama kuna ada ya huduma juu yake. Bei ya mkandaji wa nje ielezwe kama inajumuisha nauli ya kuja na kurudi. Anayemaliza kazi saa tatu usiku hawezi kutembea hadi kituo cha matatu akiwa amebeba meza ya kilo 15. Nauli yake ya teksi ni sehemu ya gharama ya huduma hii, na anayeikwepa anamwonea mwenzake.

Kuhusu kulipa kabla, msimamo wangu ni mmoja: mtu usiyemjua usimlipe yote kabla hajafika. Kampuni yenye ofisi inaweza kudai sehemu ya malipo ili kushika nafasi, na hilo si baya ikiwa pesa zinakwenda kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la kampuni hiyo. Soma jina linalojitokeza kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Ukiona jina la mtu binafsi usiyemtarajia, katiza.

Pesa zikienda pasipostahili, tuma ujumbe wa muamala huo kwa nambari 456 ya Safaricom papo hapo kuomba zirudishwe. Ombi hilo hufaa zaidi kwa nambari iliyokosewa. Kwa tapeli, mara nyingi pesa huwa zimeshatolewa.

Mtu akikutumia madai mapya, kama vile "ada ya usalama" au "pesa za kufunguliwa lango", ujue umeangukia mikononi mwa walaghai. Hakuna hoteli inayomtoza mkandaji langoni kupitia simu ya mgeni.

## Hatua ya 5: Chagua saa inayowezekana

Kati ya saa kumi na nusu jioni na saa mbili usiku, barabara za Waiyaki, Ngong, Thika na Mombasa hujaa, na mvua ikinyesha katika miezi ya Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, safari ya dakika 20 inaweza kumaliza saa nzima. Barabara ya juu ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, husaidia wale tu walio kwenye njia yake, na ina ada. Chagua mkandaji aliye upande wako wa jiji, au uweke miadi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Kula chakula chepesi angalau saa moja na nusu kabla. Usiweke masaji ndani ya saa tatu za kuondoka kwenda uwanja wa Jomo Kenyatta, maana utakuwa ukisikiliza saa badala ya mwili.

## Hatua ya 6: Tayarisha chumba

Weka pasipoti, kadi, vito na kompyuta kwenye sefu. Ondoa meza ya kahawa na masanduku katikati. Tandika taulo sakafuni mahali ambapo chupa za mafuta zitawekwa, kwa sababu zulia la hoteli likiingia mafuta halitoki kwa maji na utatozwa.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 11. Vyumba vingi havina hita za ukutani. Agiza hita nusu saa kabla, kisha uizime au uisogeze mbali masaji inapoanza. Mwili uliopakwa mafuta hupoteza joto upesi, na misuli inayotetemeka hailegei.

Ikiwa hakuna meza, kitanda kitatumika, lakini kwa uangalifu. Godoro la hoteli ni laini, hivyo mkono wa mkandaji humzamisha mtu badala ya kumkanda, na aliyelala kifudifudi hana pa kuweka uso. Kunja taulo kubwa kwa urefu, liviringe liwe gumu, kisha ulipinde kama herufi U na uliweke ukingoni mwa kitanda upande wa miguu. Paji la uso na mashavu yakae juu ya taulo hilo, pua na mdomo zibaki kwenye uwazi, na shingo ibaki imenyooka. Jaribu mwenyewe kwa dakika mbili. Ukihisi shingo inavutwa, punguza unene wa taulo.

Dalili kwamba umefaulu: mtu anaweza kuzunguka meza au kusimama pande tatu za kitanda bila kugonga kitu, na wewe huoni baridi ukiwa na taulo moja.

## Hatua ya 7: Mpokee ipasavyo

Waarifu mapokezi saa moja kabla, kwa jina la mgeni wako na kwa kueleza kwamba atakuwa na meza. Akifika, shuka. Linganisha uso wake na picha na jina ulilopewa, umsalimie, na umwache aandikishwe kwa kitambulisho chake kama hoteli inavyotaka. Akija mtu mwingine asiyetajwa, au akija na mwenzake bila kueleza, mshukuru na usitishe miadi hapo hapo, mbele ya wafanyakazi, kabla ya kupanda lifti.

Mkiwa chumbani, kumbuka kwamba hatari haiko upande wako tu. Mkandaji, hasa mwanamke, ameingia katika chumba cha mtu asiyemjua. Akimpigia mwenzake kusema ameanza kazi na atamaliza saa fulani, ni kanuni ya usalama wake, na usichukulie kwamba hakuamini. Usifunge mnyororo wa mlango. Usimpe pombe. Usimpokee ukiwa na taulo kiunoni. Vaa nguo hadi mtakapomaliza mazungumzo.

Mazungumzo hayo yachukue dakika tano hivi. Rudia habari za afya. Muulize mafuta aliyobeba yana nini, na mwenye ngozi nyepesi kudhurika ajaribu tone moja ndani ya kiwiko. Kubalianeni sehemu zitakazokandwa na zitakazoachwa. Kisha yeye aingie bafuni kunawa mikono huku wewe ukivua nguo kwa kiasi unachoridhika nacho na kujifunika shuka. Nguo ya ndani hubaki mwilini. Wakati wote, sehemu inayokandwa ndiyo peke yake inayofunuliwa.

## Hatua ya 8: Sema wakati wa kukandwa

Watu wengi huvumilia kimya kwa kuona haya. Usivumilie. Maumivu mazuri ni yale unayoweza kuendelea kuvuta pumzi ndani yake; ukijikuta umeishika pumzi au umekunja vidole, sema "punguza kidogo". Ganzi, maumivu makali ya kuchoma au kizunguzungu ni sababu ya kusimama kabisa.

Mkono ukienda mahali pasipokubaliwa, sema "basi, tuishie hapo", inuka, vaa, na upige simu mapokezi. Kanuni hiyo hiyo inamlinda yeye: mgeni akimtaka jambo lililo nje ya kazi yake, ana haki ya kufunga mfuko wake na kuondoka akiwa amelipwa.

Dalili kwamba umefaulu: pumzi imekuwa ndefu na taratibu, mabega yameshuka, na huna haja ya kuangalia saa.

## Hatua ya 9: Lipa, msindikize, kisha pumzika

Kaa ukingoni dakika moja kabla ya kusimama, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka na kuleta kizunguzungu. Kagua sakafu, maana mafuta kwenye vigae vya bafu yameangusha wengi. Mkandaji akiwa anakunja meza, vaa.

Lipa kiasi mlichokubaliana na usubiri ujumbe wa M-Pesa ufike kwenye simu yake kabla hajatoka, ili pasiwe na mabishano koridoni. Bakshishi ni hiari. Ukiridhika, mpe mkononi mwake badala ya kuiacha kwenye bili, ambako huenda isimfikie. Msindikize hadi mapokezi ili jina lake lifungwe kwenye daftari la wageni, na kama ni usiku hakikisha teksi yake imefika.

Kunywa maji, epuka pombe jioni hiyo, na tenga taulo zenye mafuta kwenye mfuko wa peke yake wenye maelezo kwa wahudumu wa usafi ili zisichanganywe na nyingine. Uchungu mdogo wa misuli kesho yake ni wa kawaida na huisha ndani ya siku mbili. Alama za damu kuvilia, ganzi isiyoondoka, upele unaoenea au uvimbe wa mguu vinahitaji daktari, na mjulishe pia mkandaji au meneja wa spa kwa maandishi, ukitaja siku, saa na mafuta yaliyotumika.